Mwanza tunatazama picha au tunatazama jina la aliyepiga?

Wakuu, leo nina povu.

Staa akitundika picha nyeusi na nyeupe ya Jiwe la Bismarck pale ziwani, anga jeusi kama masizi, komenti ni "kali sana mkuu" mpaka chini. Kijana asiye na jina akiweka ya kwake, nyeusi na nyeupe pia, akina mama wanaanika dagaa ufukweni Igombe, anaambulia dole gumba tatu. Haya, zikuzeni zote mbili.

Ya staa kaondoa rangi kwa kubonyeza mara moja, kavuta kontrasti (tofauti ya weusi na weupe) mpaka mwisho. Maji yameungua, wimbi hata moja halionekani. Mvuvi kwenye mtumbwi kabaki kivuli, pua huioni. Eti "hisia". Hisia gani? Ziwa limemdanganya! Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ikikutana na maji yanayong'aa saa sita mchana inabana mwanga, na ngozi nyeusi ndiyo inayolipa. Uso mweusi ukijaza fremu inafanya kinyume: inafungua mno, mtu anatoka kama kapakwa majivu. Pima mwanga kwenye shavu, bana stopu 1 (yaani punguza mwanga nusu), kagua sehemu nyeupe. Basi.

Sasa ya Igombe. Vivuli virefu mchangani vinakwambia alifika jua likiwa chini, dagaa bado wabichi. Dagaa mbichi anang'aa kama bati, ukimpiga saa sita unapata shuka jeupe. Hapa kila dagaa ana jicho lake, na shavuni kwa mama mwanga unashuka taratibu hadi kidevuni. Alipoigeuza kuwa nyeusi na nyeupe, bluu kaishusha iwe nzito, rangi ya chungwa kaipandisha kidogo tu ing'ae. Angezidisha, midomo ingefutika. Huyo ndiye mnayempita!

Wanaopiga kwa mkanda wa filamu ndio wanapuuzwa kabisa. Mkanda wa Tri-X kwenye D-76, dawa ya kusafishia, iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu ni dakika 9¾ kwa nyuzi 20. Maji ya bomba yakiwa nyuzi 25 na wewe ukang'ang'ania dakika hizohizo, negativu inatoka nzito, weupe wote umeziba. Punguza muda kwa kila nyuzi inayozidi, au weka chupa ya dawa kwenye beseni la barafu. Anayesafisha mkanda hivyo nyumbani hana hata wafuasi mia.

Msiseme kazi nzuri hujitangaza. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akipiga kwa mwanga wa jua, mara nyingi shoti moja tu kwa mteja. Mwaka 1991 picha zake zilitundikwa New York zimeandikwa mpiga picha hajulikani. Na alikuwa hai, Bamako hapohapo!

Waandaaji wa maonyesho, ficheni majina wakati wa kuchagua. Daini negativu au faili ghafi (lilivyotoka kwenye kamera) la kila picha, na la staa liwe la kwanza. Akibisha, aliweke hapa tulifungue.