HP 250 G6 ya Celeron inakwama: nianze na RAM au SSD? Na inafunguliwaje?

mwl_njombe
Wakuu, salaam. Nina HP 250 G6 niliyouziwa na mwalimu mwenzangu alipohamishwa. Prosesa ni Celeron N3060, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) 4GB, hadidiski 500GB, Windows 10. Kazi zake ni kutunga mitihani, kujumlisha alama za kidato cha tatu na cha nne kwenye Excel, na intaneti kidogo. Nikiiwasha naweza kwenda kuita mahudhurio darasani nikarudi, bado duara linazunguka. Task Manager inaonyesha diski asilimia 100 kabla sijagusa kitu. Fundi wa hapa mjini anasema niiuze kama spea. Sitaki: kioo kizima, kibodi nzima, betri bado inashika chaji. Nimetenga laki moja na nusu. Nianze na kipi? Halafu hiyo kuifungua, naogopa kuvunja plastiki.

mzee_wa_gemu
Weka RAM 16GB mkuu, itapaa.

fundi_kkoo
Mwalimu, shikamoo. Usiiuze. Hizi mashine zinapita sana mezani kwangu hapa Kariakoo, na ugonjwa ni huohuo, hadidiski. Sahani ya ndani inazunguka, kichwa cha kusomea kinahangaika huku na huko, na Windows 10 ina kazi zake nyingi za kimyakimya: masasisho, antivairasi, kuorodhesha mafaili. Zote zinapanga foleni kwenye kichwa hicho. Ndiyo hiyo 100 unayoiona. SSD ni diski inayohifadhi kwenye chipu, haina kinachozunguka. Nunua ya SATA (aina ya kiunganishi cha diski), inchi 2.5, unene milimita 7. 240GB inakutosha.

Hiyo RAM ya 16GB isikudanganye ukapoteza pesa. N3060 inaishia 8GB kwa maelezo ya Intel wenyewe, na inataka RAM ya aina ya DDR3L. Hiyo L usiipuuze, ni volti 1.35, wakati DDR3 ya kawaida ni 1.5. Dukani watakuambia zote ni sawa. Soma kibandiko, kiwe kimeandikwa PC3L-12800S. Na usiige RAM ya mwenye 250 G6 ya Core i3, nyingi kati ya hizo zinatumia DDR4, haiingii kabisa. Fungua kwanza, uone nafasi za RAM ziko ngapi, ndipo uende dukani. Ukikuta moja, basi 4GB itoke iingie 8GB.

Kufungua sasa. Zima, chomoa chaja, chomoa na betri. Bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde 15 hivi umeme uliobaki uishe. Toa skrubu ya DVD, uivute itoke. Kisha skrubu za chini, na hapa ndipo wengi wanapovunja: nyingine zimejificha chini ya vile vipande vya mpira. Vibandue taratibu kwa ukucha, vitarudi. Chora umbo la laptopu kwenye karatasi, kila skrubu uichomeke mahali pake, maana urefu haulingani na ndefu ukiiingiza pa fupi itatokeza upande wa kibodi. Halafu pitisha kadi ya benki iliyokwisha muda kwenye mshono, uizungushe polepole. Bisibisi bapa inakula plastiki, iweke mbali. Utasikia ta, ta, ta, hivyo ni vishikizo vinaachia, usishtuke. Pakigoma sehemu moja, acha kuvuta: kuna skrubu hujaiona.

RAM ni rahisi. Tanua vibano viwili vya pembeni, kipande kitainuka chenyewe. Kipya kiingize kikiwa kimeinama, kibonyeze mpaka vibano vilie.

dada_wa_tanga
Fundi kamaliza. Naongeza mawili. SSD feki zipo, na zinaonyesha ukubwa ambao hazina. Kabla hujaweka kitu chochote ndani, ipime kwa programu ya H2testw: inaijaza yote, kisha inaisoma tena. Ikileta makosa, irudishe na risiti yako. La pili, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na N3060 haimo kwenye orodha ya Windows 11. Mwalimu, kwa kazi zako ningeweka Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi wa bure unaochukua nafasi ya Windows. Programu yake ya ofisi, LibreOffice, inafungua mafaili ya Excel. Iwashe kutoka kwenye flashi kwanza uijaribu, haigusi diski yako.

mwl_njombe
Marahaba kijana, nawe dada asante sana. RAM sasa nitaingoja. Kinachonitia hofu ni alama za wanafunzi zilizomo humo. Nihamishe diski nzima kama ilivyo, au nianze upya?

fundi_kkoo
Anza upya mwalimu. Kabla hujashika bisibisi, nakili alama na mitihani kwenye flashi mbili, moja ibaki ofisini. Kisha endesha programu ya CrystalDiskInfo uangalie afya ya hadidiski. Ikiandika Caution kwa njano, nakili leo hii, usisubiri wikendi. Hata ikiwa salama, ukiitoa usiifute. Itafutie kasha la USB la inchi 2.5, uichomeke kama flashi, utoe mafaili yako kidogokidogo mpaka uridhike kwamba hujasahau kitu.