Noah SR40 inachemsha kila wiki: ovahoo, injini ya mtumba au niuze tu?

BabaDuka_Kibamba

Wakuu habari za humu. Nina Toyota Noah toleo la SR40 ya 1999, namba B (usajili wa zamani kidogo), injini 3S, huu mwaka wa saba niko nayo. Kusema ukweli gari imenilea, imebeba familia, imebeba mchele na ndoo za mafuta za dukani kwa mama watoto, imebeba mpaka misiba ya watu. Sasa toka mwezi wa tatu inachemsha. Nikitembea tambarare haina shida sana ila nikianza tu kupandisha kutoka Mbezi kuja Kibamba na mzigo, mshale unapanda, kiti kinakuwa kama nimekalia jiko la mkaa maana injini yenyewe si iko chini ya viti vya mbele, naweka pembeni, natoa dumu langu la lita tano, tunasubiri dakika arobaini watoto na sare zao za shule wanahesabu malori. Juzi yule mdogo kaniuliza baba gari inaumwa nini, nikakosa jibu.

Mafundi wawili majibu mawili. Wa kwanza anasema injini imechoka, ovahoo, yaani kuifumua yote na kufunga vipya, 1,900,000 na ringi za pistoni na blengi humo humo. Wa pili anasema usitupe hela, weka injini ya mtumba 2,300,000 pamoja na ufundi. Af kuna jamaa mtaani anaitaka kama ilivyo kwa milioni 4, niongeze kama milioni 8 nitafute Toyota IST namba D, ya usajili wa karibuni zaidi. Hiyo 8 sina yote, nusu itabidi nikope saccos. Ingekuwa nyie mngefanyaje?

Kamanda wa Bonde

Uza. Milioni 4 kwa gari inayochemsha? Mpe ufunguo kabla hajaamka usingizini.

MamaWawili_Dom

Pole kaka. Mi nilikuwa na Corolla 110, nilitengeneza miaka miwili, leo shokapu, kesho staata, keshokutwa haijulikani, nikachoka nikauza kwa hasira nikakopa nikanunua IST. IST haijanisumbua hata siku moja nakiri, lakini yale makato ya kila mwezi nimeyalipa miezi 30 na kila mwisho wa mwezi nilikuwa naikumbuka ile Corolla kama mume wa kwanza. Hebu kaa chini uandike toka mwezi wa tatu umetumia shilingi ngapi kwenye hii Noah, andika zote mpaka za kuvutwa. Ukiweka kichwani utajidanganya, mi nilijidanganya sana.

fundi_mstaafu

Kijana, usitoe hata mia. Hao wawili wote wamebahatisha, hakuna aliyepima. Kuchemsha ni homa tu, malaria inaleta homa, taifodi inaleta homa, sasa wewe unataka kukatwa mguu kwa sababu ya homa.

Kesho asubuhi injini ikiwa baridi, narudia BARIDI, ukifungua ya moto utaungua uso, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji mpaka juu, mtu apige staata we unaangalia. Mapovu yakianza kutoka mfululizo kama soda toka mwanzo kabisa na hayaishi, moto wa silinda unaingia kwenye maji, gasketi ya hedi hiyo, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na bloku. Mapovu machache yakatoka yakaisha ni hewa tu. Pili vuta kijiti cha oili, ukikuta rangi ya chai ya maziwa ujue maji yameingia kwenye oili, usiwashe tena. Tatu tafuta fundi mwenye geji ya presha ya silinda, achomoe plagi zote nne apime moja moja. 3S nzima inakuja psi 170 na kitu, ikishuka chini ya 140 hiyo mgonjwa. Leta namba nne hapa, usiniletee hadithi.

Af rejeta unaweka maji gani?

BabaDuka_Kibamba

Ya kisima mzee. Ndo tuliyonayo nyumbani.

fundi_mstaafu

Ya chumvi?

BabaDuka_Kibamba

Kidogo.

fundi_mstaafu

Haya.

Spea_Gerezani

Mi niongelee injini ya mtumba maana nimekaa kwenye hizi biashara miaka. Siyo mbaya, zipo nzuri kabisa, ila unanunua kwa kusikia sauti tu, ndani huoni. Ukienda usikubali ile iliyolala sakafuni imeoshwa kwa dizeli inang'aa, mwambie aiwashe, kama haiwezi kuwashwa basi fungua kifuniko cha oili uchungulie, ukiona weusi mzito kama lami achana nayo. Waranti mara nyingi ni ya maneno, ukishatoka na kirikuu chako hamjuani. Kadi yako ina namba ya injini, ukiweka nyingine itabidi uhangaike kurekebisha kadi, watu wengi wanapuuza hili wanakuja kulia siku ya kuuza.

Na jambo ambalo yule fundi wa 2.3 hakukwambia: ukiweka injini nyingine kwenye rejeta ileile iliyojaa chumvi ya kisima, nayo utaipika. Utakuwa umenunua injini ya kuchemshia.

Otis_wa_Buru

Hiyo ya mwisho ni ukweli mtupu. Hapa Nairobi jamaa yangu aliweka injini ex-Japani kwa gari yake, miezi minne ikaenda vile ya kwanza ilienda, kumbe shida ilikuwa rejeta. Pia usikimbilie kuuza boss, huku kwetu gari ikipita miaka nane tangu itengenezwe haiingii nchini kabisa kwa hivyo hizi za zamani watu wanazishikilia tu, mtu na logbook yake.

Kamanda wa Bonde

Huko ni Kenya. Bongo za zamani zinaingia.

Spea_Gerezani

Zinaingia ila TRA, watu wa kodi, wanakupiga ushuru wa uchakavu, ikizidi miaka 10 ni asilimia 30 juu ya vingine, ushuru wa forodha 25, VAT 18. Ingia kwenye kikokotoo chao uweke gari unayoitaka halafu rudi hapa utuambie kama bado una njaa.

BabaDuka_Kibamba

Nimerudi wakuu, nilikuwa kimya siku tatu.

Kwanza ya mama wa Dodoma. Kumbe mama watoto alikuwa anaandika matumizi ya gari nyuma ya daftari la mikopo ya duka bila kunambia. Kuziba rejeta mara tatu 135,000. Wota pampu 160,000. Hozi 60,000. Feni 140,000. Kuvutwa mara mbili 180,000. Jumla 675,000 kwa miezi mitano na gari inachemsha vilevile. Kanisomea mbele ya watoto.

Pili ya mzee. Mapovu yametoka kama Fanta, hayakuisha. Oili safi, nyeusi ya kawaida tu. Presha hizi hapa: silinda ya 1 ni 168, ya 2 ni 165, ya 3 ni 95, ya 4 ni 90.

fundi_mstaafu

Umeziona? 3 na 4 ni majirani. Silinda mbili zinazopakana zikianguka pamoja hivyo, mara nyingi gasketi imekatika pale katikati, zinavujishiana. Mwambie huyo fundi atie kijiko cha oili kwenye tundu la plagi ya 3 na ya 4 apime tena. Ikipanda sana ni ringi, oili inaziba pale ringi imelegea. Ikibaki hapohapo ringi ni nzima.

BabaDuka_Kibamba

98 na 92.

fundi_mstaafu

Basi ovahoo ya nini? Huko chini injini ni nzima. Toa hedi, peleka kwenye mashine waipime na waikwangue kama imepinda, gasketi mpya ya maana si ile ya elfu kumi na tano, rejeta tupa nunua nyingine. Taimingi belti weka mpya humohumo maana umeshafungua. Na wakati wa kujaza maji waambie watoe hewa, hii Noah injini ipo katikati rejeta ipo mbele, hozi ndefu zile zinaficha hewa, gari inarudi kuchemsha siku ya pili mnaanza kurogana.

Kamanda wa Bonde

Mzee sawa, ila injini siyo gari. Gari ya 1999 imekaa Dar na ule upepo wa bahari. Umelala chini ukaangalia chasisi? Maana utaweka laki saba juu halafu chini panaachia.

fundi_mstaafu

Hapo Kamanda kaongea kwa mara ya kwanza. Ingia chini na tochi na bisibisi, gonga chasisi yote, sikiliza. Kutu ya sakafu inachomelewa. Kutu ya chasisi pale inaposhikia spring, mpigie yule wa milioni 4.

BabaDuka_Kibamba

Nimelala chini nusu saa, nimetoka na mchanga mpaka masikioni. Sakafu karibu na ule mlango wa kuteleza kuna tundu dole gumba linapita. Chasisi nimegonga yote inalia ngo ngo, bisibisi haizami popote.

MamaWawili_Dom

Kaka tengeneza, mi nimekubali. Ila watoto usiwapakie mwezi wa kwanza, wapande basi la shule. Gari iliyotoka gereji inabidi iaminiwe polepole, kwanza ibebe mchele.

BabaDuka_Kibamba

Mama watoto kasema hivyohivyo, mnajuana nyie?

Fundi mwingine kabisa, wa tatu, kanipigia hesabu: seti ya gasketi 110,000, kukwangua hedi 60,000, rejeta 220,000, belti na oili 130,000, ufundi 150,000. Inakuja 670,000. Nimepeleka karatasi nyumbani, mwenye daftari hakusema kitu, kalifungua pale kwenye 675 akaweka karatasi yangu pembeni yake akaenda kupika.

Otis_wa_Buru

Hahaha hiyo kimya ndio mbaya.

BabaDuka_Kibamba

Leo wamefungua. Gasketi imeungua kati ya 3 na 4 kama mzee alivyosema, alama nyeusi upana wa njiti ya kiberiti, kitu kidogo hivyo ndo kimenitesa miezi mitano. Hedi imepinda kidogo, imeenda kukwanguliwa. Ila kuna kingine, walipofungua nyumba ya themostati, ile valvu inayoruhusu maji yaende kwenye rejeta, wakakuta tupu. Haimo. Sijui nani alitoa na lini.

fundi_mstaafu

Aliyetoa alidhani anakusaidia, eti maji yapite kwa wingi. Kwenye injini nyingi za Toyota ukiitoa kuna maji yanazunguka njia ya mkato bila kupita rejeta, nusu ya maji yako yalikuwa yanatalii tu. Rudisha, na mfuniko wa rejeta badilisha pia, ule ndo unashika presha maji yasichemke mapema. Mi mwenyewe nilizitoa nyingi miaka ya ujana kabla sijafundishwa, Mungu anisamehe.

Na weka kulanti, yale maji maalum ya rejeta. Nikisikia kisima tena nakutoa humu.

BabaDuka_Kibamba

Themostati 35,000, mfuniko 10,000, kulanti nimenunua dumu mbili. Jana nimepakia gunia sita za kilo hamsini, nimepandisha toka Mbezi mpaka nyumbani saa tisa mchana jua la utosi, mshale haujafika hata nusu. Nilipofika nikashuka nikashika kiti, cha uvuguvugu tu.

Kamanda wa Bonde

Yule wa milioni 4 bado yupo?

BabaDuka_Kibamba

Kaja leo asubuhi, sijui kasikia wapi, kapandisha bei mpaka milioni 5 na nusu. Mama watoto kamwambia arudi daftari likijaza ukurasa wa pili.