Umri wa kustaafu uongezwe ili wazee wasisahau mapema?

Mwanzisha mada
Wakuu, naomba tujadiliane hili bila kutukanana. Mwaka 2010 wachumi Susann Rohwedder na Robert Willis walilinganisha kumbukumbu za watu wa miaka 60 hadi 64 wa Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya. Mtu anasomewa maneno 10, anataja aliyoyashika, kisha baadaye kidogo anaulizwa tena. Alama za juu ni 20. Kule watu wanakostaafu mapema, kama Ufaransa, alama zilikuwa chini kuliko Marekani wanakochelewa. Hapa Tanzania mtumishi anaondoka kwa hiari akiwa na 55, kwa lazima 60. Kenya jaji anakaa mpaka 70 na hukumu anaandika. Mwalimu wa hisabati tunamwahisha nyumbani kwa nini? Mimi nasema uongezwe.

Mchangiaji, Mwanza
Vijana wana digrii na wanaendesha bodaboda, wewe unataka wazee waendelee kukalia viti! Halafu mama yangu ana miaka 78, hajawahi kuajiriwa, jembe bado analo mkononi. Yeye umri wa kustaafu unamhusu nini? Wazee wetu wengi ndivyo walivyo.

Mchangiaji, Moshi
Mimi nina shida na vipimo vyenyewe. Mwambie bibi asiyesoma atoe 7 kwenye 100, kisha 7 tena, na tena. Utaandika amechanganyikiwa, kumbe madeni yote ya kikoba yako kichwani mwake. Ndiyo maana huku wilaya ya Hai watafiti walitengeneza kipimo kingine: taja wanyama kwa dakika moja, daraja ni kitu gani, kiongozi wa kijiji ni nani, panga njiti 4 za kiberiti kama hivi. Maneno 10 ya kukumbuka yamo pia, ila mtu hahukumiwi kwa shule aliyokosa. Na hapo hapo Hai, wenye miaka 70 na kuendelea, kama 6 katika kila 100 walikutwa na ugonjwa wa kusahau. Huo haumngoji mtu astaafu.

Mchangiaji, Mombasa
Na si kwamba aliyeanza kusahau ndiye anayeacha kazi mapema? Mnaweka mkokoteni mbele ya punda.

Mwanzisha mada
Wa Mombasa, hilo Rohwedder na Willis waliliona. Ndiyo maana walitumia umri wa pensheni uliowekwa na sheria za kila nchi, maana sheria haijui nani kaanza kusahau. Wa Moshi, nakubali kwamba ugonjwa ni jambo jingine, mimi naongelea kupungua kwa kawaida. Kuhusu vijana, cheo apewe kijana, mzee apewe vipindi viwili vitatu kwa mkataba. Ila wewe wa Mwanza, mama wa miaka 78 ambaye hajaacha jembe, hujaona kwamba umenipa ushahidi? Hebu mtajie maneno 10, kisha rudi utuambie.