Chumba na bafu la mama nyuma ya nyumba: kibali, paa na bei ya fundi

Bintimkubwa
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama amehamia kwangu, magoti yake hayamsaidii tena, nataka kumjengea chumba chenye bafu lake. Nyumba haina ghorofa. Ukuta wa nyuma una urefu wa mita 9, na kutoka hapo hadi mwisho wa kiwanja ni mita 5.2, nimepima mwenyewe kwa futi kamba. Shimo la maji taka liko kona ya kulia. Nimepanga chumba cha mita 4 kwa 4 kitokeze nyuma, paa lishuke kutoka pale lilipoishia la sasa. Fundi ananiambia kibali cha nini, tuko ndani ya uzio. Bei ametaja moja ya jumla, kwa mdomo, vifaa juu yangu. Akiba niliyonayo ni ya kujenga mara moja, ya kurudia sina. Kibali ni lazima? Na hiyo bei niiamini?

Mpitanjia
Dada jenga tu. Ukianza kuzunguka maofisini mama atasubiri hadi mwakani. Chumba kimoja cha uani nani atakiona?

Timazi
Mpitanjia, atakayekiona ni jirani, siku watakapokosana. Au mnunuzi, au benki, watakapotaka ramani ilingane na nyumba iliyosimama. Uzio haumwondolei mtu sheria ya ujenzi.

Dada, nasimamia ujenzi, na kazi za kuongeza nyumba ndizo zinazonipa presha kuliko nyumba mpya. Kabla hujamlipa mchoraji, nenda ofisi inayotoa vibali ukaulize mambo mawili tu: jengo linatakiwa kukaa umbali gani kutoka mpakani, na ni asilimia ngapi ya kiwanja inaruhusiwa kujengwa. Ukitokeza mita 4 unabakiwa na mita 1.2. Kama kanuni yenu inataka zaidi ya hapo, mchoro wako umekufa kabla haujazaliwa. Na asilimia usisahau kuhesabu banda, stoo na kibanda cha gari kama vipo.

Sasa paa, maana hapo ndipo naona fundi wako hajapiga hesabu. Kapime urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa chini wa paa. Tuseme ni mita 2.9. Bati la mteremko wa nyuzi 10 linashuka karibu sentimita 18 kwa kila mita moja ya kwenda mbele. Kwa mita 4 ni sentimita 70. Ukuta wa mwisho utabaki na mita 2.2, na hapo hujatoa mbao wala dari. Mtu mrefu ataingia ameinama, na mkaguzi atakurudisha. Ukilaza bati zaidi ili upate kimo, maji yatarudi nyuma kwenye maungio wakati wa mvua ya upepo. Njia iliyobaki ni kufumua sehemu ya paa la zamani na kuingiza kenchi mpya (fremu za mbao zinazobeba bati) kwa kukingamana. Inawezekana kabisa, ila gharama yake haimo kwenye ile bei ya mdomo, nakuhakikishia.

Geuza chumba. Badala ya 4 kwa 4, kilaze kando ya nyumba: kitokeze nje mita 2.5, urefu kiwe mita 6.4. Eneo ni lilelile, mita za mraba 16. Kuta mpya zinakuwa mita 11.4 badala ya 12, paa linashuka sentimita 44 tu, na mpakani unabakiwa na mita 2.7. Bafu la mita 1.6 likae upande wa kulia, karibu na shimo, chumba kichukue kilichobaki.

Bintimkubwa
Asante sana kaka. Tatizo ni kwamba mita 6.4 zinaziba dirisha la jikoni. Chumba cha watoto kiko kona ya kushoto, hakiguswi.

Timazi
Jiko lina ukuta mwingine wa nje? Kama lina, toboa dirisha huko kwanza, ndipo uzibe hili. Kipimo kinachotumika sana ni dirisha lisilopungua sehemu moja ya kumi ya eneo la sakafu. Kama halina, usilizibe. Jiko la gesi au mkaa lisilo na pa kutolea hewa ni hatari, achilia mbali kanuni.

Bomba la choo lipe mteremko wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Bomba la mita 6 linahitaji sentimita 15 za kushuka, kwa hiyo pima kwanza mahali bomba la sasa linapoingilia shimoni, ndipo uamue sakafu ya bafu ikae wapi. Ukianza na sakafu, utajikuta unainua bafu na kumwekea mama ngazi, wakati magoti ndiyo sababu ya ujenzi wote huu. Mlango upana sentimita 90, kizingiti usiweke. Msingi na shimo visikaribiane, mhandisi akuwekee umbali kwenye mchoro.

Msingi mpya ufike kina cha ule wa zamani, usiuzidi na kuuchimbia pembeni. Ukuta mpya utazama kidogo miaka ya mwanzo na wa zamani umeshatulia, kwa hiyo pale zinapokutana acha nafasi nyembamba ya kujazwa kitu laini, zishikane kwa vyuma tu. Wanaozibana kwa plasta wanapata ufa wa wima, kila mara. Karatasi ya kuzuia unyevu ilingane usawa na ya zamani. Na mtaro wa msingi usimwagwe zege kabla mkaguzi hajauona.

Mkadiriaji
Naongeza la pesa. Bei moja ya jumla bila mchoro si bei. Mwambie aandike kwa hatua: msingi, kuta hadi linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), kupaua, mabomba na umeme, umaliziaji. Kila hatua idadi ya tofali, mifuko ya saruji, nondo, na ufundi wake peke yake. Kubomoa na kusomba kifusi viandikwe pia, mafundi wengi huviruka halafu wanakuja kuviombea pesa katikati ya kazi. Mlipe hatua ikishakamilika, na asilimia 5 ya ufundi ibaki kwako hadi mvua za kwanza zipite. Nyumba mpya huwa natenga asilimia 10 ya dharura. Kwa kuunga nyumba ya zamani tenga 15, kwa sababu hakuna anayejua kilichomo ukutani hadi nyundo ipite. Ada ya mchoro na kibali ihesabu mbali, isile hiyo 15.

Bintimkubwa
Jiko lina ukuta wa pembeni, nimeshaangalia. Ukingo wa paa ni mita 2.75 tu.

Timazi
Basi ukitoa sentimita 44 unabaki na mita 2.31, bado chini. Usitundike paa kwenye ukingo, lipandishe lianzie juu ya bati la zamani, mita moja ndani, liungwe kwenye kenchi. Mchoraji aje na ngazi aangalie kenchi zenyewe kabla ya kuchora chochote.