Tupeane uzoefu: mliowahi kupanda kwenye nyumba za Mtanda, mtaa wa mlimani mjini Lindi

Kijana wa Rasbura: Jana tumepeleka posa Mtanda. Nyumba ya wakwe kwa mbele ngazi mbili tu unaingia. Zunguka uani, msingi umenipita kimo. Kuku wakiruka wanatua kwenye bati la jirani. Mshenga alifika hana sauti, akaomba maji kabla ya salamu. Leteni yenu.

Binti Mingoyo: La kuku nimeliona kwa macho yangu.

Mwana Kitunda: Umenikumbusha usiku wa dada yangu. Masika, uchungu umemshika, bodaboda kagoma kupanda, udongo unateleza kama mlenda. Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne. Kwenye mteremko ule uzito wote unawaangukia wa mbele, na mgonjwa naye anaserereka. Jirani mmoja akatoka na khanga mbili, akamfunga kifuani na mbavuni mwa kitanda. Mbao imenilalia begani, natafuta njia kwa vidole vya miguu. Katikati mwenzetu akapiga magoti, kitanda kikaegemea ukuta wa nyumba ya watu. Mama mwenye nyumba akafungua mlango na taa mkononi. Mtoto akazaliwa barazani pale pale.

Mzee wa Newala: Mtanda nao mlima? Njooni Shimo la Mungu, lile bonde letu lenye ukingo mkali.

Binti Mingoyo: Shikamoo mzee. Shimoni nani kajenga? Hapa tunasema mtaa wenye watu.

Mzee wa Newala: Marahaba. Bibi zetu walishuka bondeni kuchota maji, wakapanda nayo kichwani. Mteremko tunaujua.

Baharia: Nimefika Baldwin Street, Dunedin, New Zealand. Mtaa una mita 350 hivi, na penye ukali zaidi mwinuko ni kama asilimia 35. Juu wamemwaga zege, maana lami ingechuruzika siku za joto. Mwaka 2019 Guinness, wale wa rekodi za dunia, waliwapa Harlech ya Wales taji la mtaa wenye mwinuko mkali kuliko yote duniani, 2020 likarudi Dunedin. Ukipiga picha na simu umeiinamisha ifuate barabara, nyumba ndiyo inaonekana imelala. Nilimkumbuka bibi yangu wa Mtanda.

Dada Mitandi: Baharia, subiri kwanza. Mtoto yule aliitwa nani?

Mwana Kitunda: Alipewa jina la yule mama mwenye nyumba. Yuko darasa la tano.

Dada Mitandi: Nimelia.

Boda Lindi: Mkipanda, gia namba moja toka chini, usibadilishe njiani.

Binti Mingoyo: Abiria shuka utembee, usimsikilize.

Kijana wa Rasbura: Mwezi ujao tunapeleka mahari, na kuna kabati la milango mitatu. Nani ameshawahi kulipandisha?