Kiota cha fundichuma kimeangushwa huku Kisauni, Mombasa, eti "ni ndege tu"

Nimekasirika na sifichi. Katapila limeingia kwenye lile bwawa la nyuma ya nyumba zetu, likang'oa mkwaju wenye kiota cha fundichuma, kisha malori yakaanza kumwaga kifusi. Kibao cha mradi hakuna. Nilipomuuliza msimamizi akanijibu, "Dada, huyo ni ndege tu, atahamia kwengine."

Ahamie wapi? Fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi kilicholala kisogoni, hutafuta riziki kwenye maji ya kina kifupi. Huchokora matope kwa miguu mpaka vyura na viluwiluwi watoke mafichoni, ndipo awadake. Kwenye maji ya chumvi ya kule hori ya bahari ya Tudor chura atampata wapi?

Na hicho kiota wanachokiita takataka! Dume na jike hukijenga pamoja wiki nyingi, kwa maelfu ya vijiti, nyasi na matope, mpaka kikafikia upana wa mita 1.5, na paa lake likaweza kumbeba mtu mzima. Mlango ni njia nyembamba iliyosiribwa tope, ndani ndiko kwenye chumba cha mayai, 3 hadi 7, yanayolaliwa kama mwezi mmoja. Hiki cha kwetu nimekiona kimelala chini: tope limepasuka vipande, vijiti bado vimefumana, na katikati mna tambara jekundu na waya walivyookota humu humu mtaani. Hata wenyewe wakishakihama, bundi na kenge hukaa humo.

Kilichonichoma zaidi ni majirani waliopiga makofi, eti ndege wa uchawi, analeta mikosi. Jamani, mikosi gani? Mkosi ni masika yatakapokuja, maji yaliyokuwa yakijaa bwawani yaingie vyumbani mwetu. Na huyo mnayemzomea, duniani kote familia yake ina spishi moja tu, yeye peke yake.

Sheria ya mazingira ya 1999 inataka tathmini ya athari kabla ya miradi ya namna hii, na kanuni za ardhi oevu, yaani sehemu za majimaji kama hili bwawa, zipo tangu 2009. Mwenye nakala ya kibali chao aiweke hapa tuione. Mliopiga picha za malori, msizifute. Ijumaa baada ya swala tunakwenda ofisini kwa pamoja, na nusu ya bwawa bado haijafukiwa.