Nisaidieni na plagini za kumiksi: nyatiti iko poa kwa hedifoni lakini kwa simu mwimbaji anapotea

mtoto_wa_nyalenda

Niaje wasee. Niko Kisumu, Nyalenda, nimetengeneza kastudio kwa chumba nalala, laptopu, maiki mbili na Reaper (programu ya kurekodi na kumiksi), basi. Kuna mzee mmoja wa mtaa anapiga nyatiti (kile chombo cha nyuzi cha Waluo) na mjukuu wake anaimba, tukarekodi nyimbo 4 na nawaambia siku hiyo mwili ulinisisimka, sasa miksi ndo imenishinda. Kwa hedifoni iko sawa, kwa spika zangu ndogo iko sawa. Nikampea beshte yangu makanga aicheze kwa mat ya Kondele, besi ikavimba mpaka nyatiti haiskiki (nilipigiwa besi gitaa na jirani nikaongeza chini ya nyatiti), halafu kwa simu ya mathe huyo msichana ni kama anaimba akiwa nyuma ya mlango, ikifika korasi hata maneno hushiki. Kwa sauti yake nimeweka EQ (ya kupandisha na kushusha masafa), kompresa, mwangwi kidogo na ile plagini (kaprogramu ka kubadilisha sauti) ya kupanua iwe stirio kubwa. Kwa masta (miksi yote pamoja) nimeweka limita (inazuia sauti isipite kiwango) nikaisukuma mpaka -6 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti) ndo iwe na nguvu kama ngoma zingine, lakini Spotify ikicheza naona iko chini na imekauka.

Kuna jamaa aliniuzia flashi ya plagini mia na kitu zimevunjwa kufuli, laptopu ikaanza kujizima yenyewe ikabidi nimefomati kila kitu, nashukuru Mungu rekodi zilikuwa kwa simu pia. Kwa hivyo nataka za bure za ukweli ama za bei ya chini. Huyo mzee nilimuahidi nitampea kazi safi kabla ya Krismasi na sitaki kumuangusha.

fundi_wa_section58

Pole na hiyo ya flashi kaka. Niko Nakuru na ile shida ya mwimbaji kupotea nilihangaika nayo karibu mwaka mzima kabla nijue ni nini, kwa hivyo wacha nikwambie venye naona. Ni ile plagini ya kupanua.

Nyingi za hizo hufanya hivi, zinachukua sauti moja zinacheleweshea upande mmoja milisekunde kadhaa, ama zinageuza mawimbi ya upande mmoja yawe kinyume. Kwa hedifoni sikio la kushoto na la kulia kila moja linapata yake kwa hivyo unaskia pana, tamu. Simu nyingi spika ni moja, kwa hivyo kushoto na kulia zinajumlishwa, na mawimbi yaliyo kinyume yakijumlishwa yanauana. Zilizocheleweshwa nazo zinakatika vipande vipande kama meno ya kichana, ndo unaskia mtu ako nyuma ya mlango.

Pakua Voxengo SPAN, ni ya bure. Watu huiweka kuangalia ile milima ya masafa tu lakini hapo chini iko na kipimo cha uhusiano wa kushoto na kulia, kinaenda kutoka +1 mpaka -1. Cheza hiyo korasi. Ikikaa karibu na +1 mono (kushoto na kulia zikiwa moja) haitakusumbua, ikikaa kwa 0 anza kuskiza kwa makini, ikiangukia upande wa minasi mara kwa mara basi mwimbaji wako anajiua mwenyewe. Halafu pakua pia Voxengo MSED, hiyo nayo ni ya bure, weka kwa masta zima pande ubaki na katikati peke yake, hicho unaskia ndicho simu ya mathe inaskia. Mimi siku hizi nusu ya miksi naifanya hivyo hivyo kwa mono.

Ukitaka korasi iwe pana mwambie msichana aimbe tena mara mbili, moja weka kushoto moja kulia, ile ya kwanza ibaki katikati. Sauti mbili za kweli haziuani hivyo.

dada_wa_amalemba

Nakubaliana na huyo wa Nakuru, ila mimi niseme juu ya besi na hapo kwa limita.

Niulize, meza yako imekaa wapi? Juu kama chumba chako kina urefu wa mita 3 hivi na unakaa katikati, kuna noti huziskii kabisa. Mita 3 inafanya chumba kivume karibu 57 hezi, inavuma sana kwa ukuta lakini katikati ya chumba inakufa. Kwa hivyo ukiwa umekaa hapo unaona besi haitoshi, unaongeza, unaongeza tena, ikifika kwa mat yenye sabwufa ndo inakuangukia. Hedifoni nazo ndogo haziwezi kukusaidia huko chini. Hapo ndo SPAN inakuja, yenyewe inaona faili na haioni chumba chako, haidanganywi na ukuta. Chukua wimbo unaoujua vizuri, wenye unaskia uko sawa kwa mat na kwa nyumba, uweke kwa traki yake, shusha ulingane sauti na wako, halafu linganisha kilima cha chini ya 100 hezi. Usijaribu kufanya vifanane kabisa, angalia tu kama wako umezidi desibeli 6 ama 8, na nadhani umezidi.

Na ukishashusha besi usiogope eti kwa simu haitaskika. Nyuzi ya chini kabisa ya besi gitaa ni karibu 41 hezi, simu haiwezi kuitoa hata ukiipigia magoti. Unachofanya ni kuipaka ukwaruzo kidogo itoe zile za juu yake, 82, 123 na kupanda, na sikio linajaza lenyewe ile ya chini. Klanghelm IVGI ni ya bure na inafanya hiyo kazi vizuri.

Ya Spotify ni rahisi. Wao kwa kawaida husawazisha nyimbo zote kwa -14 LUFS. Wewe umepeleka -6, kwa hivyo wameshusha desibeli 8, na ile mipigo uliiponda na limita hairudi, ndo maana imekauka. Chukua Youlean Loudness Meter, ile ya bure inatosha, weka mwisho kabisa baada ya limita, cheza wimbo wote kutoka mwanzo (usipime korasi tu), lenga -12 mpaka -14 na kilele kisipite -1 dBTP (kilele halisi cha mawimbi). Limita ya bure LoudMax iko sawa. Plagini za maelfu ya shilingi ziko na ni nzuri lakini usinunue yoyote sahii.

jaduong_wa_rekodi

Vijana mmesema mambo mazuri. Nimerekodi nyatiti miaka mingi na nitaongeza moja tu yenye plagini haitawaambia.

Huyo mzee amevaa oduong'o kwa kidole cha mguu, si ndiyo? Kile chuma akigonga nacho mwili wa nyatiti, huo mlio wa kugonga ndio unaamsha limita yako. Kila akigonga, limita inashusha wimbo wote, nyuzi zote 8 zinazama pamoja na mtoto anayeimba, halafu zinarudi. Ukiskiza vizuri unaskia wimbo unapumua. Usijaribu kulitatua kwa masta. Rudi kwa traki ya nyatiti, weka TDR Nova, ni EQ ya bure yenye inashuka tu wakati sauti imezidi, tafuta pale huo mlio unapokaa, kwangu mara nyingi ni kati ya 100 na 200 hezi, iache ishuke desibeli 4 hivi ikigongwa. Usiuondoe. Nyatiti bila oduong'o ni kama mzee ameketi bila kutikisa mguu. Na gara, zile njuga za mguuni, usizikate huko juu ukidhani ni kelele.

mtoto_wa_nyalenda

Omera, asanteni sana. Nimekesha nayo. Kipimo kilikuwa kinacheza kwa -0.6 korasi yote!! Nimetoa ile ya kupanua, msichana akakuja jioni akaimba tena mara mbili baada ya kutoka kanisani. Besi ilikuwa imezidi desibeli 7, dada umepiga ndani kabisa, na kweli meza iko katikati, nimeisukuma karibu na ukuta wa dirisha. Sahii niko -13 LUFS. Mathe ameskiza kwa simu akaanza kuimba maneno ya korasi bila mimi kumwambia ni gani.

Jaduong', swali moja, wimbo wa nne tunarudia Jumamosi. Maiki ya pili niweke wapi?

jaduong_wa_rekodi

Chini, karibu na mguu, umbali wa mkono mmoja, ielekee gara. Ile ya kwanza ielekee nyuzi, isiangalie tundu. Halafu zicheze zote mbili kwa mono kabla hajaanza, ukiskia nyatiti imekonda geuza moja kinyume kwa hiyo Reaper yako. Na umpe mzee kiti chake cha chini alichozoea, kile cha ofisi kitampotezea mguu.